Unga wa Ladha Tano

Inspekta alikuwa na hasira tangu alfajiri, na daktari wa maiti akamwongezea nyingine.

"Hakuna sumu," daktari alisema, akivua glavu. "Nimetafuta tumboni, kwenye ini, kwenye damu. Hakuna."

"Tafuta tena."

"Nimeshatafuta tena. Ndiyo maana nimekuita badala ya kukutumia karatasi."

Chumba kilinuka dawa ya sakafu, na chini ya dawa hiyo kitu kingine ambacho dawa ilishindwa kukifukuza. Juu ya meza ya bati alilala fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona sare za shule kwenye kibanda nyuma ya soko. Majirani walimkuta amekufa sakafuni kwake mwanzoni mwa wiki, baada ya kutapika mpaka akaishiwa. Walisema mumewe, dereva wa lori, ndiye aliyempikia uji siku ile, mtu ambaye hajawahi kuonekana hata akichemsha maji. Walisema pia kwamba mikono ya marehemu ilikuwa na alama za kipigo. Inspekta, mwanamke ambaye kituo kizima kilimwita Kiberiti akiwa hayupo, aliwaka palepale. Mume alikuwa mahabusu kabla sufuria ya uji haijakauka.

"Alama hizi," daktari alisema, akauinua mkono wa marehemu. "Mtu aliyepigwa huumia na ndani: misuli, mbavu. Huyu ndani mzima. Ila ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara. Akijigonga tu kwenye cherehani, linabaki doa. Sasa uso wake unauonaje?"

"Mnene."

"Mviringo. Mashavu yamejaa, tumbo limejaa, mikono na miguu imekonda. Na hii mistari ya zambarau tumboni. Yote hayo ni ya kitu kimoja."

Alisogeza kibakuli cha chuma. Ndani mlikuwa na vipande viwili vidogo, vimesinyaa kama maganda ya karanga.

"Kila mtu ana tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ndizo zinazomshikilia mtu akiumwa, akishtuka, akikosa chakula. Kwa mtu mzima unaziona bila shida. Za huyu nimezisaka kwa kibano."

"Nani aliziua?"

"Hazikuuawa. Zililala. Ukimeza kila siku dawa inayofanya kazi yao, zenyewe zinaacha kazi, kwa nini zihangaike? Dawa ikiwepo, mtu anadunda. Ikikatwa ghafla, mwili hauna pa kushika. Presha inaanguka, anatapika, tumbo linamkata, nguvu zinamwisha. Mafua tu yanatosha kummalizia."

Inspekta alitazama rafuni. Pale lilikuwepo kopo jeupe la plastiki ambalo koplo wake alilichukua jikoni kwa marehemu, lenye picha ya kishada cha matunda madogo mekundu. Siku ile alilidharau. Watu wengi mjini walikuwa na kopo kama lile.

"Vumbi lililobaki humo mkemia amelipima," daktari alisema, akifuata macho yake. "Kuna unga wa tunda, kweli. Na kuna steroidi. Ileile ya hospitali, tunayowapa watu wa pumu na wa viungo, kwa vipimo, tena kwa kuwaangalia. Humo imemwagwa kama sukari kwenye chai ya msibani."

"Kwa hiyo kopo ndilo lililomuua."

"Kopo tupu ndilo lililomuua, Inspekta. Likiwa limejaa, alikuwa mzima."

*

Dereva wa lori alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu, mgongo ukutani, mikono mikubwa imelala mapajani. Hakuinua uso mlango ulipofunguliwa.

"Nimekuja kukutoa," Inspekta alisema.

"Umechelewa. Wanangu wameshaambiwa baba yao ni muuaji."

"Nitawaambia si kweli."

"Wewe?"

"Mimi niliyekufunga. Leo hii, tena mbele ya hao majirani. Lakini kwanza niambie, lile kopo la unga alilipata wapi, na kwa nini lilikuwa tupu."

Dereva alicheka kidogo bila furaha. "Siku uliyonikamata nilitaka kukwambia habari za kopo. Ukaniambia nifunge mdomo."

Inspekta alivuta kiti cha askari wa zamu, akakaa. Dereva akaanza kusema.

"Mgongo wake ulikuwa umekwisha. Mtu anainama kwenye cherehani miaka yote hiyo, utegemee nini? Akasikia habari za Tabibu, yule wa barabara ya kiwanda cha sabuni, anayeuza unga wa tunda la ladha tano. Akaanza kuutumia. Haikupita muda, akawa mtu mwingine. Anaamka kabla yangu, anashona anaimba, mgongo kimya. Anakula, ananenepa. Nikafurahi. Nani asiyefurahi mkewe akinawiri?"

"Halafu?"

"Halafu uso ukavimba. Siku moja alijitazama kwenye kioo cha kibandani, akaniambia, mume wangu, huyu si mimi. Na akaona jambo jingine. Wateja wake wanaotumia unga uleule walikuwa na uso uleule, kama ndugu wa tumbo moja. Watu ambao hawana hata babu mmoja. Akaenda kwa Tabibu, akamuuliza, humu mna nini? Akamwambia, nitapeleka kopo hospitali wanipimie."

"Tabibu alijibu nini?"

"Alimcheka tu. Lakini kopo lilipoisha, mke wangu akaanza kuishiwa nguvu. Akasema, nataka kuacha, mwili unakataa. Akaenda kununua jingine wakati akitafuta nafasi ya kumwona daktari. Wakamfukuza mlangoni. Mwanamke wa pale dukani alimwambia, bosi amesema wewe huuziwi tena."

"Akafanya nini?"

"Akarudi analia. Nikamwambia afadhali, achana nao hao matapeli, utapata nafuu. Nikampikia uji." Dereva alivitazama viganja vyake. "Nilimwambia afadhali."

Inspekta alisimama. Alisaini karatasi ya kumwachilia kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa, akamsukumia askari wa zamu, akatoka bila kusubiri neno la mtu yeyote.

Alipitia kwanza nyumbani kwa dereva, kama alivyoahidi. Aliwakusanya watoto na shangazi yao kibarazani, akasema kwa sauti iliyofika madirisha yote ya ua ule kwamba baba yao hakumgusa mama yao, na kwamba aliyekosea ni yeye Inspekta. Jirani mmoja, yuleyule aliyeapa kuhusu uji, akauliza kutoka kwenye mlango wake, "Na zile alama?"

"Zile alama ni za ugonjwa. Uliwahi kumwona akimpiga?"

"Kumwona kwa macho, hapana. Lakini watu walisema..."

"Mtu wa kwanza kusema alikuwa wewe," Inspekta alimkatiza. Mlango ukafungwa taratibu.

*

Duka la Tabibu lilikuwa safi kuliko zahanati nyingi. Kuta nyeupe, viti vya plastiki kandokando, feni darini, na kaunta ya kioo. Juu ya kaunta palikuwa na bakuli la matunda yenyewe, mekundu, yamekaushwa, madogo kama punje za pilipili manga. Viti vyote vilikuwa na watu. Inspekta alisimama mlangoni na koplo wake, akawatazama mmoja mmoja. Wazee kwa vijana, weusi na weupe kidogo, walikuwa na mashavu mamoja.

Tabibu alikuwa akiwahutubia, mtu wa suruali iliyopigwa pasi vizuri na koti jeupe, sauti yake laini kama mafuta.

"Tunda hili ni tamu, ni chachu, ni chungu, lina chumvi na lina ukali, yote kwa pamoja. Ndiyo maana linafika kila mahali mwilini. Linasafisha ini. Linaondoa uchovu. Linatuliza mawazo, linarudisha usingizi. Huko linakoota, kwenye misitu ya baridi, wawindaji walikuwa wakilitafuna na kutembea kutwa bila kuchoka. Tunda hili halitibu ugonjwa mmoja, ndugu zangu. Linaufundisha mwili kusimama wenyewe."

Inspekta alisikia neno la mwisho likimpanda kichwani kama moto wa mabua. Alivuka chumba, akaonyesha kitambulisho. "Tuzungumze ndani."

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza, vyeti vilivyotiwa fremu na magunia ya unga. Pembeni, mwanamke mzima aliyevaa aproni ya duka alikuwa akijaza makopo kwa kijiko cha kupimia. "Huyu ni dada yangu mkubwa," Tabibu alisema. "Ndiye aliyenilea. Hatuna siri naye. Karibuni."

Koplo alisimama karibu na mlango, akawasha kinasa sauti, akakiweka mezani mbele ya wote. Tabibu alikitazama, akatabasamu.

"Fundi cherehani wa sokoni," Inspekta alianza. "Unamjua?"

"Mteja wangu, Mungu amrehemu. Nasikia mumewe..."

"Mumewe yuko nyumbani kwake. Kwa nini ulikataa kumuuzia?"

"Alikuwa ameanza kuvimba. Niliona tunda halipatani naye, nikataka apumzike. Mfanyabiashara gani anamkataa mteja? Huo ni utu."

"Ulimpa ushauri gani alipoacha?"

"Anywe maji mengi. Ale matunda mengine."

"Kwenye unga wako kuna steroidi."

Tabibu hakushtuka upesi wala hakuchelewa. Alishtuka kwa kipimo. "Ste... nini? Inspekta, mimi unga unanijia tayari, umefungwa, unatoka nje. Kama kuna mtu kachanganya mambo, ni huko ulikotoka. Basi na mimi nimedanganywa. Nitakupa jina la aliyeniuzia, nitakupa anwani yake, nitakuja kutoa ushahidi."

"Hukujua chochote."

"Ningejuaje? Mimi najua tunda."

Inspekta aliutia mkono mfukoni ili usifanye kazi yake. Alijua hesabu ya jibu lile. Mtu aliyedanganywa na muuzaji wake hushitakiwa kwa dawa isiyosajiliwa, hulipa faini, na mwaka mpya ukiingia anafungua duka mtaa wa pili kwa jina la shangazi yake. Kumshika kwa kifo cha fundi kulihitaji jambo moja tu: kwamba siku alipomfungia mlango, alijua kuacha kutamfanya nini.

Macho yake yakahamia kwa dada mtu. Alikuwa amejiinamia kwenye makopo yake. Mashavu yalimjaa kama ya wale wa vitini. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na doa la zambarau, na kando yake, mbali na makopo mengine, palikuwa na kopo moja lililofungwa uzi mweupe.

"Dada," Inspekta alisema kwa upole ambao koplo hakuwahi kuusikia. "Na wewe unatumia?"

"Natumia. Magoti yalikuwa hayanipi amani." Alionekana kufurahi kuulizwa. "Hili lenye uzi ndilo langu. Ila sasa mdogo wangu ananipunguza."

"Anakupunguza vipi?"

"Mwanzo nilikuwa nachukua kijiko kizima. Akanishusha nusu. Baadaye nitakwenda robo. Hataki niache mara moja, hata nikisafiri ananiambia..."

"Dada, nenda ukawahudumie watu," Tabibu alisema.

"Abaki," Inspekta alisema. "Koplo, makopo yote. Ya dukani, ya humu, na hilo lenye uzi."

Koplo alianza kupakia kwenye sanduku. Tabibu alikaa, mguu juu ya mguu, akitazama mali yake ikiondoka kama mtu anayetazama mvua. Koplo alipofika kwenye kopo lenye uzi, mguu ukashuka.

"Hilo mwachieni."

"Kwa nini?"

"Ni lake. Si la biashara."

"Ni unga uleule?"

"Uleule."

"Basi ni ushahidi. Na yeye anakuja kituoni, maana ndiye aliyemfukuza fundi mlangoni. Atakaa na sisi siku kadhaa. Akitamani tunda, pale kaunta kuna bakuli zima, nitamchotea."

"Nichukue mimi. Yeye mwachie kopo lake."

"Umesema ni tunda tu. Mtu akikosa tunda siku kadhaa anakuwaje?"

"Inspekta, tafadhali."

"Koplo, beba."

Koplo alilinyanyua kopo. Tabibu aliruka, akamshika mkono. "Huwezi kumkatia ghafla," alisema, na ile sauti ya mafuta ilikuwa imekauka. "Tezi zake hazifanyi kazi. Atakufa."

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa meza.

"Humu ndani hakuna mtu aliyetaja tezi," alisema. "Mimi sijazitaja. Koplo hajui hata ziko wapi. Nimeambiwa habari zake leo asubuhi na daktari aliyempasua mwanamke uliyemwambia anywe maji mengi."

Tabibu alimwachia koplo mkono.

"Ulijua," dada yake alisema.

"Dada, si hivyo unavyofikiri."

"Alisimama pale mlangoni anatetemeka. Ameshika fremu ya mlango. Akaniambia, dada yangu, nipe hata kijiko kimoja nifike kwa daktari. Nikaja kukuuliza humu humu. Ulikuwa unakula. Hukuinua hata kichwa, ukasema, mwambie... mwambie hauziwi." Ulimi ulimtatiza, akaanza upya, polepole. "Ukasema, mwambie hauziwi. Kumbe mimi unanipimia kwa nusu kijiko nisife, na yeye unanituma nikamfungie mlango."

"Angelipeleka kopo hospitali. Wangefunga duka. Unajua nimewainua watu wangapi hapa? Watu waliokuwa hawawezi kusimama."

"Hata yeye ulimwinua," Inspekta alisema. "Ukamshikilia juu, halafu ukamwachia. Simama. Mikono nyuma."

Dada mtu hakulia. Alifungua aproni, akaikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akaiweka juu ya magunia. "Niandikeni," alimwambia koplo. "Nitasema yote, pamoja na langu."

"Kopo lako chukua, mama," Inspekta alimwambia. "Lile neno la mahabusu lilikuwa la kumtoa huyu maneno. Hakuna atakayekugusa."

"Nilijua hutanifunga," mwanamke yule alisema. "Natamani mdogo wangu asingejua kwamba kuacha kunaua."

Pingu zilipofunga, Tabibu aligeuza shingo. "Haya, funga duka. Lakini uwatazame walio nje kabla hujafunga."

Hapo ndipo hasira ya Inspekta ilipokosa pa kwenda. Alikuwa ameshaiona siku hii akilini tangu mahabusu: makopo yote katikati ya barabara, mafuta ya taa, kiberiti. Alichukua simu, akampigia daktari.

"Asiache hata mtu mmoja," daktari alisema. "Unanisikia? Aliye na homa au anayetapika mlete sasa hivi. Wengine wameze kama walivyozoea mpaka kesho asubuhi, nipate vitanda na vidonge vya kutosha, tuanze kuwashusha polepole. Itachukua miezi."

"Unaniambia niwape watu huu uchafu kwa mkono wangu."

"Nakwambia nawataka wafike wakiwa hai."

Alimwamuru koplo atenge makopo machache, ayafunge kwa lakiri kwa ajili ya mkemia, na mengine ayarudishe kaunta. Kisha akatoka. Watu walikuwa wamesimama. Walikuwa wamemwona Tabibu akipitishwa na pingu. Aliwaeleza kwa maneno machache kilichomo kwenye unga na kilichomuua fundi cherehani. Walimzomea. Mmoja alisema serikali haipendi kuona mnyonge amepona. Mwingine alitaka kujua nani amemlipa. Inspekta aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

Mbele yao alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye gauni la maua, kopo tupu kifuani. Yeye hakuzomea.

"Mimi nilikuwa natambaa kwenda chooni," alisema. "Unanisikia wewe binti? Natambaa, mbele ya wakwe zangu. Unga huu ndio ulionisimamisha."

"Najua, mwalimu."

"Unajua nini? Unataka kuninyang'anya."

"Hapana. Lako limeisha lini?"

"Jana. Leo nimeamka magoti yananitetemeka."

"Unatapika? Una homa?"

"Sina."

Inspekta alifungua kopo jipya, akatafuta kijiko. Alichota kwa ghadhabu, unga ukamwagika kidogo juu ya kioo. Akakifuta kijiko kwa ukingo wa kopo, akapima tena, sawasawa na alama, akaomba maji. Mwalimu alimeza, uso ukamkunjamana kwa uchungu, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Kesho asubuhi gari la hospitali litakuwa hapa mlangoni," Inspekta alisema. "Nitakuwa ndani yake. Na wewe uwepo."

"Asante, mwanangu," mwalimu alisema. "Mungu akubariki kwa dawa."

Inspekta alipokea kijiko, akakiosha kwenye bilauri, akamwita aliyefuata.